Binti yangu anataka kambi ya sarakasi, baba yake hataki: nimwandikishe?

Swali: "Mwalimu, habari za kazi. Tunaishi Columbus, Ohio, asili yetu Tanga. Binti yetu ana miaka 8. Amerudi na karatasi ya kambi ya kutwa ya sarakasi wakati wa likizo ya kiangazi: Jumatatu hadi Ijumaa, saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, na Ijumaa watoto wanawaonyesha wazazi walichojifunza. Tangu hapo hakuna amani nyumbani, kila siku anauliza nimeshalipa. Baba yake anasema hakuja Marekani ili mwanawe akapinde mgongo kama vijana wa ufukweni wanaochezea watalii. Mimi ninachoogopa ni shingo yake. Halafu kuna mavazi, maana anavaa hijabu. Na bei si ndogo. Nimwandikishe au nimtafutie kitu kingine?"

Dada yangu, mwandikishe. Ila usilipe kabla hujaenda kuwaona wakifundisha. Ukiomba kwenda kuangalia ukazungushwa, mara mwalimu hayupo, mara njoo wiki ijayo, basi mtafutie kambi nyingine na wala usijute. Nimefundisha watoto sarakasi kwa muda mrefu, nyumbani na ughaibuni, na kambi ninaipima kwa kinachofanyika sakafuni. Vinavyoning'inia juu vinapendeza kwenye picha za matangazo, lakini havikuambii kama mwanao yuko salama.

Kwanza nikueleze watoto wa umri huo wanafanya nini mle ndani, maana hofu yetu wengi inatokana na maonyesho ya watu wazima. Mtoto wa miaka 8 anayeanza hutumia sehemu kubwa ya wiki karibu na ardhi. Anarusha na kudaka, anazungusha sahani juu ya kijiti, anatembea juu ya waya uliofungwa chini kiasi kwamba akiteleza anashuka kwa miguu yake, anajaribu kutembea juu ya magongo marefu, anapanda juu ya tufe kubwa huku ameshikwa mkono, anabiringika kwenye godoro, anajenga piramidi na wenzake. Trapezi, yaani bembea ya fimbo iliyoning'inizwa kwa kamba, na vitambaa vya kuning'inia vipo, kwa zamu fupi fupi. Ile trapezi ya juu kabisa, ya kuruka kutoka bembea moja kwenda nyingine kukiwa na wavu chini, ni somo jingine kabisa na huna haja ya kuliwazia kwa sasa.

Kurusha na kudaka kunaanzia kwenye vitambaa vyepesi, kwa sababu vinashuka polepole na mtoto anapata muda wa kufikiri mkono upi unafuata. Akizoea anapewa vifuko vilivyojazwa mbegu. Kifuko kikianguka kinabaki pale pale, hakikimbilii uvunguni kama mpira, kwa hiyo mtoto anatumia muda wake kujifunza badala ya kuokota. Mwalimu anayemkabidhi mtoto mipira mitatu siku ya kwanza na kumwacha apambane nayo anamkatisha tamaa bure.

Sasa shingo. Siku utakayokwenda, kaa karibu na magodoro uangalie watoto wanavyofundishwa kubiringika mbele. Mwalimu anayeijua kazi utamsikia akirudia: kidevu kifuani, viganja chini, mikono ibebe uzito. Kinachogusa godoro kwanza kiwe sehemu ya juu ya mgongo, nyuma ya mabega, na utosi usibebe kitu. Ukimwona mtoto anasukuma kwa kichwa, shingo imekunjwa, na hakuna anayemsimamisha, umeshapata jibu lako na unaweza kwenda zako. Mtoto ambaye bado hajaweza hupelekwa kwenye godoro lenye mteremko, ambako mwili unapata msaada wa kuteremka, akarudia hapo mpaka kidevu kikae chenyewe mahali pake. Na akikataa kubinuka siku hiyo, aachwe. Mtoto anayelazimishwa hukaza mwili katikati ya mzunguko, na hapo ndipo anapoumia.

Kisha muulize mwalimu: "Kuanguka mnafundisha lini?" Jibu ninalolitaka ni siku ya kwanza, kabla ya kifaa chochote. Mtu akianguka kinyumenyume, mwili wake wenyewe unamtuma anyooshe mikono nyuma ili ajizuie. Mkono ukiwa umenyooka hivyo, uzito wote unaishia kwenye kifundo na kiwiko, na hapo ndipo watoto wanapovunjika. Kwa hiyo wanafundishwa kukunja magoti wanapotua, kukunja mikono kifuani, kukaa chini na kubiringikia mgongo. Wanarudia mara nyingi mpaka wanacheka. Mzazi akipita anaweza kudhani wanapoteza muda kwa michezo ya kitoto. Hapana, hilo ndilo somo unalolilipia, na mtoto analibeba mpaka kwenye baiskeli na kwenye barafu za huko Ohio.

Piramidi ndiyo ninayoipenda kuliko vyote, na pia ndiyo inayonionyesha upesi kama walimu wako makini. Wa chini wanapiga magoti na kuweka mikono chini: viganja viwe chini ya mabega, magoti chini ya nyonga, mgongo ulale sawa kama meza. Anayepanda anavua viatu, anaweka magoti yake juu ya nyonga za mwenzake, pale penye mfupa imara, na mikono yake juu ya mabega. Katikati ya mgongo hapawekwi kitu, si goti wala mguu. Kushuka kunaanza na wa juu, mmoja mmoja, kwa njia ile ile aliyopandia, na hakuna kuruka. Na yeyote aliye chini akisema "shuka", wote wanashuka bila kumuuliza kwa nini. Sikiliza kama neno hilo linaheshimiwa. Nimeona walimu wanaomwambia mtoto wa chini "vumilia kidogo, tunapiga picha", na hao nisingewaachia mtoto wa mtu. Kwenye piramidi inayofundishwa vizuri, mtoto mnene ana nafasi, mwembamba ana nafasi, mwoga ana nafasi, na kila mmoja anazoea kumuuliza mwenzake "uko tayari?" kabla ya kumpa uzito wake.

Kuhusu vile vya kuning'inia, angalia mambo machache tu. Wiki ya kwanza mtoto hana sababu ya kupanda juu kuliko mahali ambapo mwalimu aliyesimama chini anaweza kumfikia kwa mkono. Godoro nene liwe moja kwa moja chini yake, na lisogezwe kifaa kinaposogea. Anayesubiri zamu akae nje ya godoro. Uliza nani alifunga vile vifaa darini, na mara ya mwisho vilikaguliwa lini. Wenye utaratibu wana daftari la ukaguzi na hawaoni aibu kukuonyesha. Uliza pia idadi ya walimu. American Camp Association, chama kinachozipa kambi ithibati nchini humo, kwa kambi za kutwa kinataka angalau mtu mzima mmoja kwa watoto 8 wa umri wa miaka 6 hadi 8, na mmoja kwa 10 wa miaka 9 hadi 14. Hicho ni kiwango cha kambi yoyote ile, hata ya kuchora. Kwenye kitambaa au trapezi, jicho moja liwe kwa mtoto mmoja aliye hewani, basi.

Tukija kwa shemeji. Wasiwasi wake ninauelewa na sitaki umpuuze. Amewaona vijana wa pwani wakijikunja mbele ya hoteli kwa chenji za wageni, na anaogopa kuwa hayo ndiyo maisha anayomfungulia mwanawe. Mwambie kwanza kwamba hata kwetu sarakasi haikuanzia ufukweni. Miaka ya 1960 serikali ya Tanzania ilipeleka vijana China kusomea sanaa hii, na mwaka 1969 tukawa na kikundi cha taifa cha sarakasi. Ilipofunguliwa shule ya sanaa ya Bagamoyo, ambayo sasa ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), sarakasi ilikwenda pale pamoja na ngoma, muziki na maigizo. Wale wa ufukweni anaowaona wamekosa jukwaa na mkataba, na kosa hilo si la fani. Halafu mwonyeshe akina Ramadhani, Fadhili na Ibrahim, Watanzania walioshinda shindano la vipaji la televisheni ya Marekani, America's Got Talent: Fantasy League, mwaka 2024, mmoja akiwa amesimama kichwa chini juu ya kichwa cha mwenzake. Marekani nzima iliwapigia makofi. Ila mara tu baada ya kumwonyesha, mwambie binti yako kwamba kile ni kazi ya watu wazima waliojinoa kwa miaka, na ni marufuku kukijaribu kwenye kochi na mdogo wake. Ninasema kwa dhati. Kambini mtoto analindwa na magodoro na walimu, na hatari huanza jioni akitaka kuwafundisha wenzake sebuleni.

Na huko mliko, sarakasi ya watoto si jambo geni. Sarasota, Florida, Sailor Circus inafundisha watoto wa shule tangu 1949. St. Paul, Minnesota, kuna Circus Juventas tangu 1994. Chicago kuna CircEsteem, iliyoanza 2001, ambako watoto wa wakimbizi wanajifunza bega kwa bega na watoto wa mitaa ya pale, na St. Louis kuna Circus Harmony yenye nia ya namna hiyo hiyo ya kuwakutanisha watoto wasiofahamiana. Watoto wengi wanaopitia humo hawaishii jukwaani, wanaendelea na shule zao. Kama shemeji anauliza habari za wanyama, kambi hizi za watoto hazina simba wala tembo. Hata ile kampuni kubwa ya sarakasi ya Ringling iliwastaafisha tembo wake 2016, ikafunga 2017, na iliporudi 2023 ilirudi bila wanyama.

Mavazi yasikunyime usingizi, kwa sababu kujisitiri na usalama hapa vinakwenda pamoja. Kitambaa cha kuning'inia kinachubua ngozi, hasa nyuma ya magoti na kwapani, kwa hiyo suruali ndefu ya kubana na blauzi ya mikono mirefu ndiyo sare ya wengi, Waislamu na wasio Waislamu. Akitaka kujisitiri zaidi avae kaptura au sketi fupi juu ya suruali hiyo, na blauzi aichomekee. Asivae suruali pana au gauni refu, maana mwalimu anashindwa kuona magoti na mgongo wake vimekaaje, na pindo linaweza kumkwaza kwenye magongo. Hijabu iwe ile ya michezo, ya kuvuta kichwani, isiyo na pini hata moja wala ncha ya kufunga shingoni. Mtandio mrefu karibu na vifaa vya kuning'inia ni hatari kwa shingo, na hapo sina mjadala.

Nywele nazo. Kama umemsuka na kumtia shanga, zitoe Jumapili. Akilala chali kubiringika, kila shanga inamchoma kisogoni, na mtoto anayekwepa maumivu anapindisha shingo. Isitoshe zinanasa kwenye kitambaa. Msuke mistari ya kulala, ifungwe nyuma chini, si fundo kubwa utosini. Hereni, bangili na mkufu vibaki nyumbani.

Kuna jambo wazazi wetu wanaona haya kuliuliza, nalo ni mikono ya walimu. Huwezi kumfundisha mtoto kubinuka bila kumshika. Anashikwa nyongani, mgongoni, begani, na mwalimu anatakiwa kusema kwanza: "Sasa nitakushika hapa." Uliza kama kuna mwalimu mwanamke wa kumsaidia, na kama mafunzo yote yanafanyika mahali pa wazi, bila mwalimu kubaki peke yake na mtoto mmoja. Mwambie mtoto wako kwa Kiswahili chenu cha nyumbani kwamba akishikwa mahali pengine, au mtu akimwambia kitu ni siri, anakuja kwako moja kwa moja. Na muulize mwalimu bila kusitasita. Mwenye nia njema hatachukia.

Fomu ya afya ijaze kwa ukweli wote. Tuna tabia ya kuficha maradhi ya mtoto tukiogopa atakataliwa, na fomu hii ndiyo itakayosomwa na mtu aliye karibu naye utakapokuwa kazini. Pumu, andika, na dawa ya kuvuta iende naye. Selimundu, andika kwa herufi kubwa: mtoto mwenye selimundu hatakiwi kukaukiwa maji, kuchemka juani wala kusukumwa mpaka achoke kabisa, hivyo daktari wake aseme kwanza kama anaweza na kwa masharti gani. Mtoto mwenye Down syndrome anaweza kufurahia sarakasi sana, lakini asibinuke wala kusimama kwa kichwa mpaka daktari aangalie mifupa ya shingo, kwa sababu baadhi yao viungo vya hapo vimelegea. Na uliza wanafanya nini mtoto akigonga kichwa. Jibu sahihi ni kwamba anatolewa mazoezini siku hiyo na mzazi anapigiwa simu, hata kama mtoto mwenyewe anasema hajambo.

Karatasi utakayosaini kwamba hutawadai akiumia isome yote. Mara nyingi nyuma yake kuna sentensi inayosema gharama za matibabu zitabebwa na bima ya familia. Hakikisha bima ya mtoto ipo hai wiki hiyo. Kuna pia kisanduku cha kuruhusu picha zake zitumike kwenye matangazo. Una haki ya kukataa, na hakuna kambi ya maana itakayomfukuza mtoto kwa hilo.

Orodha ya wanaoruhusiwa kumchukua, tafadhali, usiichukulie kama ilivyo kwetu, ambako mjomba yeyote anapita kumchukua mtoto. Jina lisipokuwa kwenye orodha, mtoto hatoki, hata akimkumbatia huyo mjomba na kumwita kwa jina. Andika majina matatu au manne ya watu ambao kweli wanaweza kuja kazi ikikubana, na uwaambie wabebe kitambulisho.

Wiki yenyewe ina mwendo wake. Jumatatu atarudi akiongea bila kupumua. Jumatano, kama nilivyoona kwa watoto wengi, atarudi amenuna: vifundo vya mikono vinauma, viganja vina malengelenge ya trapezi, na kuna rafiki anayemzidi. Wazazi wengi hapo hudhani mtoto amechoshwa na kambi. Mpe chakula cha kushiba, alale mapema, na usimuulize chochote kuhusu kuacha. Alhamisi huwa amerudi mwenyewe. Mfungie chakula cha kutosha cha mchana, lakini kisiwe cha mafuta mengi, maana baada ya chakula wanarudi kubinuka. Maji chupa mbili.

Ijumaa huenda ukamkuta anazungusha sahani pembeni wakati wenzake wako juu ya vitambaa. Usionyeshe kuvunjika moyo. Watoto huachiwa kuchagua cha kuonyesha, na sahani ile imemgharimu mazoezi mengi kuliko unavyodhani. Mlete na shemeji, akae mbele. Akina baba niliowaona wakibadilika wamebadilika siku hiyo, walipowaona watoto wao wakimshika mwenzao asianguke.

Pesa. Uliza kwanza kama kuna punguzo la kujiandikisha mapema, la ndugu wawili, au ufadhili kwa familia zenye kipato kidogo. Fedha za ufadhili mara nyingi zipo na hazitangazwi kwa sauti, zinawafikia wanaouliza. Uliza pia mtarudishiwa kiasi gani mtoto akiugua Jumatatu. Halafu kuna kodi. Mkiwa nyote wawili mnafanya kazi au mmoja anatafuta kazi, na mtoto hajafikisha miaka 13, ada ya kambi ya kutwa inaweza kuingizwa kwenye nafuu ya kodi ya serikali kuu kwa malezi ya mtoto, hata kama kambi inafundisha fani moja tu. Kambi ya kulala haikubaliki. Gharama zinazohesabiwa kwa mwaka zina kikomo cha dola 3,000 kwa mtoto mmoja na 6,000 kwa wawili au zaidi, na mnachopata ni asilimia ya hizo kufuatana na kipato chenu. Inapunguza kodi mnayodaiwa tu, kwa hiyo kama hamdaiwi kitu haitawaletea hundi. Inajazwa kwenye Fomu 2441, ambayo inataka jina, anwani na namba ya mlipakodi ya kambi. Waombe namba hiyo siku ya kulipa pamoja na risiti, kwa sababu kuwatafuta Februari, wakati ofisi yao imefungwa hadi kiangazi, ni usumbufu.

Waandikie wiki hii uombe siku ya kwenda kuangalia, na umchukue binti yako mwende pamoja. Kama kambi zenyewe hazijaanza, omba kuona madarasa yao ya Jumamosi, maana walimu huwa ni wale wale. Mkitoka, msikilize anasema nini kuhusu mwalimu kabla hujamuuliza kuhusu trapezi.